Anayekula Miguu ya Wazee

Ilianza na mikono. Yakobo Maige alikuwa amekaa mlangoni kwake Igogo, juu kabisa mlimani ambako nyumba zimeshikilia mawe kama kupe, na mkononi ana kikombe cha chai ya rangi. Kikombe kikaanguka. Hakikumponyoka kama mtu aliyeshtuka. Vidole vilifunguka vyenyewe, polepole, huku anaviangalia, kama vidole vya mtu mwingine aliyeamua kuachia. Chai ikamwagika juu ya jiwe, ikatafuta ufa, ikapotelea chini.

"Baba, umeungua?" Winnie, mke wa mwanawe Pius, alitoka jikoni mbio.

"Sijaungua."

"Sasa mbona…"

"Kikombe kina mafuta," alisema, na wote wawili walijua hakina.

Mikono hiyo ndiyo iliyobeba maboksi ya minofu ya sangara kule kiwandani kando ya ziwa, miaka na miaka, mpaka siku alipoambiwa kesho usije. Samaki aliingia mle mzima. Mnofu ukatokea mlango wa pili ndani ya barafu, ukapanda gari, ukapanda ndege, ukaenda kuwatia nguvu wazee wa watu huko ng'ambo. Kilichobaki, kichwa na uti wa mgongo na mkia, kikaitwa panki, kikarudi Igogo kwenye karai, kikanunuliwa na yule yule aliyebeba boksi. Wapo wanaosema hayo ya zamani, tuyaache. Yaacheni ninyi. Mgongo wa Yakobo haujayaacha.

Baada ya mikono ikaja miguu. Kuketi kwenye kigoda ikawa rahisi kuliko kuinuka. Alikuwa anahesabu pumzi, anashika ukuta, anajisukuma, anarudi chini. Suruali yake ilipigwa na upepo wa ziwani ikapepea kama haina mtu ndani. Kule zahanati walimtazama mara moja, wakasema ni uzee, wakampa vidonge vya maumivu. Lakini Yakobo hakuwa na maumivu. Hilo ndilo lililomtisha. Kitu kilikuwa kinamla, na hakiumi.

Wala hakuwa peke yake. Mama Odeta, jirani wa upande wa kushoto, hakuwa akilala tena kitandani kwa sababu akilala hawezi kuinuka; alikuwa anaegemezwa ukutani na wajukuu, asubuhi wanamkuta alivyoachwa, macho wazi. Mzee Chenge, aliyekuwa fundi wa mitumbwi mwenye mapaja kama magogo, alikwenda chooni kwa kutambaa. Kulikuwa na mwamba mpana pale juu ambapo wazee walikutana jioni kucheza bao na kuitukana serikali. Mmoja mmoja wakaacha kufika. Sasa mahali pao walikaa makorongo, wale ndege wakubwa wenye vipara na mifuko shingoni wanaofuata mabaki ya samaki. Walisimama pale wamekunja mabawa kama wazee waliovaa makoti, wakitazama milango. Ukiwatupia jiwe, walisogea kidogo, kwa heshima, kisha wakarudi.

Mtu mmoja tu wa umri ule ndiye aliyekuwa bado anapanda na kuteremka: Kashindye.

Kashindye alimzidi Yakobo miaka kadhaa. Alikaa peke yake nyuma ya mawe mawili makubwa, kwenye kibanda kilichoelekea ziwa, na alikuwa akiishi kwa kuvunja kokoto. Mchana kutwa nyundo yake ilisikika: ko, ko, ko. Maji aliyapandisha kwa kichwa, ndoo imejaa, mkono mmoja kiunoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la mawe na moshi wa kuni. Na katika nchi hii ya Wasukuma, wengine wetu tunakumbuka vizuri, macho mekundu ya bibi kizee yaliwahi kutosha kuwa ushahidi. Panga likaja baadaye. Waliokata walizeeka wakazikwa kwa heshima, na hakuna aliyewauliza kitu.

Asubuhi moja alipita mbele ya kigoda cha Yakobo.

"Mwangaluka, Maige."

"Mwangaluka. Bado tu unapanda na ndoo?"

"Nikupandishe na wewe? Naona siku hizi ndoo ni nzito kuliko wewe. Nitakuweka juu yake kama mfuniko."

Yakobo alicheka, kwa sababu walikuwa wakitaniana tangu wakiwa na meno yote. Kisha alimtazama shingo, akamtazama misuli ya mkono uliokaa kiunoni, akauliza kwa sauti ambayo hakuikusudia:

"Kashindye, wewe unakula nini?"

Bibi akaitua ndoo, peke yake, bila kumwaga tone.

"Swali gani hilo? Nakula chakula. Jana maharage, na dagaa bakuli zima, nikawatafuna na vichwa vyao. Asubuhi nimekunywa mtindi. Kuku wangu akitaga, yai ni langu. Wewe unakula nini?"

"Ugali."

"Kwa kitoweo gani?"

"Kwa mchuzi."

"Mchuzi wa nini?"

"Wa samaki. Wa nyama, ikipatikana."

"Na nyama yenyewe?"

"Si ya watoto? Mimi nimeshakula vya kwangu, mama. Wale ndio wanakua."

Kashindye alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima jiwe kabla ya kulipiga.

"Mimi Mungu hakunipa watoto wa kuwagawia," alisema. "Ndiyo maana nimesalia na miguu."

Akajitwisha ndoo yake, akateremka upande wa pili, akapenya kati ya yale mawe mawili. Na alipokuwa akipotea, Yakobo aliona nyama ya paja lake mwenyewe la kulia ikirukaruka yenyewe chini ya suruali, kama kitu kilichoitwa.

Jioni alimsimulia Pius. Hapo ndipo alipokosea. Hakusimulia maharage, hakusimulia dagaa. Alisimulia lile moja tu lililomganda kifuani: "Amesema hana watoto, ndiyo maana amesalia na miguu." Pius akaacha kutafuna. Kesho yake neno lilikuwa limeshuka mpaka barabarani. Wiki haikuisha, watoto waliotumwa maji wakawa wanazunguka mbali ili wasikanyage alipopita Kashindye.

Kisha Mzee Chenge akafa. Alianguka mlangoni mwa choo, hatua moja tu ya jiwe, kimo ambacho hata mtoto hukivuka. Mwanawe Alexander alikuwepo wakati wa kumwosha. Alipotoka alikuwa kijivu usoni.

"Hamna kitu," aliwaambia wenzake waliokaa msibani. "Nimeshika mguu wa baba, nimeshika mfupa na ngozi. Nyama imekwenda wapi? Hakuumwa! Nani kaichukua nyama ya baba yangu?"

Nyuma ya mawe nyundo ilikuwa imenyamaza kwa heshima ya msiba, na ukimya ule waliuona mbaya kuliko mlio.

Baada ya mazishi Alexander akamwita Masele, mganga wa ng'ambo ya Busisi. Zamani mganga wa kule angesubiri kivuko, hasira za watu zikapoa. Siku hizi kuna daraja. Alifika mchana huo huo na bodaboda, amevaa miwani ya jua, na jambo la kwanza alilolifanya ni kutoa cheti chake cha dawa za mitishamba akakionyesha kwa kila mtu.

"Mimi sipigi ramli chonganishi," alisema. "Serikali imekataza. Mimi natazama kuku tu. Na jina silitaji. Jina atalitaja mwenyewe aliyeliwa. Nani hapa analiwa na bado ana sauti?"

Wote wakageuka kwa Yakobo.

Walikusanyika uani kwa Pius, wanaume wasiozidi kumi, jua likiwa limeanza kuinama. Kuku jike mweusi akaletwa. Yakobo akaambiwa amtemee mate mdomoni, akatema. Mate yalikuwa machache. Kuku akachinjwa, akapasuliwa, Masele akainama juu ya nyama iliyokuwa bado inatetemeka. Alipitisha kidole kwenye ubawa, akapitisha kwenye paja. Makorongo kule mwambani wakanyoosha shingo.

"Ni mwanamke," alisema. "Hayuko mbali. Namwona ana mawe mbele yake na maji nyuma yake. Anakaa peke yake."

Ko, ko, ko, ikajibu nyundo kutoka nyuma ya mawe. Mtu mmoja alipiga ishara ya msalaba.

"Apikwe kwanza," Masele akasema, akionyesha kuku. "Tule, roho zitulie. Halafu mzee atasema."

Winnie akapika. Harufu ilijaa uani. Sufuria ilipoletwa, iliwekwa mbele ya Yakobo kama desturi ya nyumba ile ilivyokuwa tangu enzi za baba yake: mkubwa ndiye anayegawa, na mgawaji mwema hujikumbuka mwisho. Akaanza. Paja moja kwa mgeni, Masele. Paja la pili kwa Alexander, mfiwa. Kidari akakigawa kwa vijana. Ubawa kwa Pius, ubawa kwa balozi wa nyumba kumi. Shingo, mgongo, firigisi. Mkono wake ulikwenda na kurudi bila kuulizwa, ule ule ulioachia kikombe, na Yakobo akajikuta anautazama tena kwa mbali kama mkono wa mtu mwingine. Ulikuwa hodari. Ulikuwa na adabu. Ulipomaliza, sufuriani palikuwa na mchuzi, na Winnie akaumimina kwenye bakuli lake pamoja na ugali laini, kwa upendo kabisa, kama siku zote.

Wanaume wakala. Yakobo alisikia meno. Alisikia gegedu likivunjika, na kila lilipovunjika alisikia kitu gotini mwake. Akatazama sahani ya Masele: paja lile jeusi mganga amelishika kwa mikono miwili, analivuta nyama kwa jino la pembeni, nyama inaachia mfupa, na mfupa unabaki mweupe na mkavu na mwembamba. Akatazama mguu wake mwenyewe uliotokeza chini ya suruali.

Alitazama bakuli. Macho ya mafuta yaliyoelea juu ya mchuzi yalimtazama naye.

Akamkumbuka Chenge, sauti yake nzito, kila sikukuu: "Mpeni mtoto, mimi mchuzi unanitosha." Akamkumbuka Mama Odeta, ambaye hata panki lilipoingia nyumbani kwake alichokonoa kile kidogo kilichosalia shavuni mwa samaki, akawalisha wajukuu kwa vidole. Wote walikuwa wagawaji wazuri, na kila mtaa uliwasifia. Kiwanda kilichukua mnofu wa kwanza, mkubwa, bila kuomba. Huu mdogo uliobaki waliutoa wenyewe, kipande kwa kipande, mwaka hadi mwaka, wakibarikiwa na kuambiwa asante babu, mpaka mwili ukakosa pa kuchukua ukaanza kujichuna.

"Haya mzee," Masele akasema, akijifuta. "Jina."

Yakobo alinyanyua uso.

"Huyu kuku mmemchinja kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya miguu yako."

"Paja lake liko wapi?"

Mtu akacheka, na wengine wakafuata.

"Mzee anataka paja! Jamani, mrudishieni!"

"Mzee, usituaibishe," Pius alisema kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa ardhini.

"Siwaaibishi. Nimegawa mwenyewe, hakuna aliyeninyima. Nauliza tu, paja limeliwa na nani? Mnatafuta nani amekula miguu ya wazee, na midomo yenu ina mafuta. Yangu pia ingekuwa nayo kama ningekuwa na akili." Akashusha pumzi. "Hakuna jina, Masele. Kashindye anakula chakula chake. Basi. Nilisikia vibaya kwa sababu niliogopa."

Masele alivua miwani. Macho yake yalikuwa madogo na yamechoka.

"Mmeona? Amemfunga ulimi."

Hapo Alexander akasimama. "Lakini alishasema! Wewe mwenyewe mzee ulituambia, amesalia na miguu. Ya nani? Baba yangu amezikwa bila nyama!" Akageukia wenzake. "Nendeni mkachukue vitu. Tukutane hapa jua likigusa maji."

Wakatawanyika. Pius akasita, akamtazama baba yake, akawafuata. Masele alipanda bodaboda yake. Darajani hakuna anayeulizwa amekula nini.

Yakobo akashika ukuta, akajisukuma. Miguu ikakataa. Akajisukuma tena, mapaja yakatetemeka, kigoda kikapinduka, akawa chini. Winnie alikuja mbio na mikono yenye majivu.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kule."

"Huwezi kufika!"

"Kuteremka kunanishinda nini? Hata jiwe linateremka."

Akaanza kushuka kwa makalio, kama mtoto, mikono nyuma, akijivuta kutoka jiwe hadi jiwe. Suruali ilichanika. Winnie alitembea kando yake akilia bila sauti, na asijue kama amzuie au amshike. Walipofika kwenye yale mawe mawili makubwa, Yakobo aliegemeza mgongo kwenye moja, akavuta miguu yake kwa mikono, mmoja, halafu wa pili, akainyoosha mpaka nyayo zikagusa jiwe la pili. Njia ya kwenda kwa Kashindye ilikuwa moja tu, na upana wake ulikuwa ule. Akamwambia Winnie arudi kwa watoto.

Walikuja jua likiwa jekundu. Walikuwa na marungu, na mmoja alikuwa na kidumu cha petroli. Walipoona miguu ile wakasimama.

Hakuna aliyelelewa na mama kule Usukumani asiyejua jambo hili. Miguu ya mzee iliyonyooshwa hairukwi. Ukiiruka akiwa hai umeshamruka kaburini. Ukoo wako utatembea mbele bila mtu nyuma. Watoto wanalijua kabla hawajajua kuhesabu.

"Baba, kunja miguu," Pius alisema.

"Siwezi. Njoo uikunje wewe."

Pius hakusogea.

"Mbebeni," akasema Alexander. "Ni mwepesi huyo."

Hakuna aliyemshika. Walikuwa wametumia wiki nzima kuambiana kwamba mtu huyu analiwa, kwamba kitu kimo ndani ya ngozi yake. Sasa nani angeitia mikono yake mle? Woga waliokuja nao kumchoma bibi ulikuwa umewageukia, ukawasimamisha. Yakobo aliwatazama mmoja mmoja. Wengine aliwabeba mgongoni walipokuwa wachanga.

Ndipo nzi wa ziwani wakaja. Walipanda kutoka majini kama moshi usio na moto, nguzo ndefu nyeusi iliyojikunja, ikainama juu ya Igogo. Ghafla hewa ikawa nzi. Waliingia puani, masikioni, waliufunika mwili wa Yakobo hadi miguu yake haikuonekana tena, ila tuta jeusi linalotembea lenyewe. Mtu alipiga kelele. Kidumu kilidondoka, harufu ya petroli ikatambaa. Nyundo ya Kashindye, iliyokuwa inagonga muda wote huo, ikaacha.

Nzi walipopita, waliobaki walikuwa Pius na Alexander na wawili wengine.

"Maige!" Sauti ya bibi ilitoka nyuma ya jiwe. "Mbona umekaa njiani kama mlango?"

"Rudi ndani."

"Nani yuko huko?"

"Watoto wetu."

Bibi alikuwa ameishi miaka mingi, hakuhitaji kuelezwa. Walisikia miguu yake ikienda, na Alexander akakaza rungu. Kisha ikarudi. Mkono wake, wenye mishipa na vumbi, ulitokea juu ya bega la Yakobo ukiwa umeshika bakuli. Maharage, na juu yake dagaa wamejaa hadi ukingoni.

"Kama unalinda, huwezi kulinda na njaa," alisema.

Pius alipiga hatua mbele. "Mzee, usile! Mzee, mkono wake huo!"

Yakobo alilipokea bakuli. Lilikuwa zito, vidole vilianza kufunguka vyenyewe, akaliweka mapajani kabla halijamtoka. Akatia mkono. Tonge la kwanza lilipanda likiwa limejaa, na kwa mazoea ya miaka yote likageuka njiani, likanyooka kuelekea kwa mwanawe. Lilibaki limening'inia hewani kati yao. Pius alilitazama kwa hofu kama nyoka. Yakobo pia alilitazama.

Akalirudisha, akalila yeye.

Alitafuna kwa shida, kwa meno yaliyobaki, na wanaume wanne walisimama wakisubiri afe. Hakufa. Akachukua lingine. Miguu yake ilikuwa baridi, haikumwambia kitu.

"Tutakuja kesho," Alexander alisema hatimaye. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Njooni," Yakobo alisema, mdomo umejaa. "Mtanikuta."

Pius alikaa chini juu ya jiwe, mbali kidogo, akamtazama baba yake akila mpaka bakuli likaisha, na hakupewa hata kichwa cha dagaa.